Mshahara umekatwa, lakini kompyuta haisomi

Shemeji yangu ni mtoto wa Malindi, lakini riziki yake iko Kaskazini Mashariki, katika taasisi moja ya umma. Mkewe alipolazwa, hati yake ya mshahara ilionesha wazi kuwa makato ya bima ya afya yametolewa. Pale dirishani hospitalini jibu likawa moja tu: kompyuta haisomi. Tukachanga kama kawaida yetu, mgonjwa akatoka. Lakini ile pesa iliyokatwa ilikuwa wapi?

Wasomaji wengi wa Pwani wana ndugu ng'ambo ya Garsen na Hola, walimu, wauguzi, wahadhiri, kwa hivyo jambo hili si la Wasomali peke yao. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mtumishi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Kuna pia asilimia 1.5 ya nyumba, kuna NSSF, kuna kodi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato ya bima pamoja na orodha ya wafanyakazi kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Orodha hiyo ndiyo roho ya mambo yote. Nambari moja ya kitambulisho ikikosewa, pesa inafika bila mwenyewe. Na mwajiri asipokuwa na pesa, haifiki kabisa.

Hayo ni maradhi mawili tofauti, ila mtu aliyesimama dirishani anaona dalili moja. Ndiyo maana neno "sistimu" limekuwa kichaka kizuri cha kujifichia. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zimerudia mara nyingi kwamba vyuo vikuu vya umma vina madeni ya mabilioni, yakiwemo makato ya pensheni na kodi ambayo mfanyakazi alishakatwa. Hapo programu haina kosa. Programu ilikata vizuri sana.

Lakini kosa la kumbukumbu nalo lipo, tena ni kubwa. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49 wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9. Serikali ilikuwa ikitaja milioni 624. Tofauti ya namna hiyo haitoki kwenye hesabu ya shule ya msingi. Inatoka pale ambapo kila chuo kina programu yake na vyeo vyake, na hakuna daftari moja ambalo pande zote zinaliamini.

Tuitazame Garissa yenyewe. Chuo kikuu cha pale kilianza mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kikashambuliwa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakauawa. Kikafunguliwa tena Januari 2016, na 2017 kikapata hati ya kujitegemea. Mtumishi aliyekuwepo tangu mwanzo amebadilishiwa mwajiri kisheria akiwa amekaa kwenye kiti kile kile. Faili la mtu kama huyo ndilo linalosumbua programu yoyote mpya inapokuja.

Halafu kuna majina, na hapa sisi wa Pwani tunaelewa bila kufafanuliwa. Mohamed, Mohammed, Muhammad: kwa mama ni mtoto mmoja, kwa kompyuta ni watu watatu. Kaskazini Mashariki kuna jambo zito zaidi. Wako maelfu ya Wakenya ambao alama zao za vidole ziliingia kwenye orodha ya wakimbizi kule Dadaab, wakanyimwa kitambulisho kwa miaka. Bila kitambulisho hakuna nambari ya KRA wala akaunti ya benki, na huwezi kuingia kwenye orodha ya mshahara.

Usisahau marupurupu ya mazingira magumu, ambayo watumishi wa Tana River na Lamu wanayajua pia. Kwenye programu yanafuata kituo cha kazi kilichoandikwa. Karani asipobadilisha kituo, anayehamishiwa Garissa anayakosa, na aliyehamia Nairobi anaendelea kuyala.

Serikali imekuwa ikihamisha watumishi kutoka mfumo wa zamani wa IPPD kwenda HRIS-K. Mimi siupingi. Msimamizi wa Bajeti amelalamika mara kwa mara kuhusu kaunti zinazolipa watu kwa mkono nje ya mfumo, na huko ndiko wafanyakazi hewa wanakozaliana. Lakini tumeona mfumo wa SHA, uliogharimu shilingi bilioni 104, ukianza kutumika wagonjwa wakiwa foleni, kisha Mkaguzi Mkuu akaeleza kuwa serikali hata haiumiliki. Kabla ya kuzima mfumo wa zamani, ilipaswa yote miwili iendeshwe pamoja kwa miezi kadhaa, na kila mtumishi aoneshwe rekodi yake aisahihishe mwenyewe. Na mwajiri achapishe kila mwezi kama amewasilisha makato au la. Hilo la mwisho halihitaji programu mpya. Karatasi ubaoni inatosha.

Shemeji hangojei tena. Kila baada ya tarehe 9 anapiga *147# kutazama kama bima yake iko hai. Mwezi uliopita ilisoma.