Baba, muziki nao unasema

Bumu bado halijatoka, kwa hiyo leo tuongelee kitu kisichokula hela.

Juzi nimempigia mzee simu kumwambia kwamba somo langu la kwanza la kufundishia ni Kiswahili na la pili nimechagua Muziki. Kimya. Halafu akasema, "Yaani mwanangu nimekusomesha ukafundishe ngoma?" Nikakosa jibu.

Jibu nimelikuta maktaba. Kuna Mghana anaitwa Kofi Agawu, alipata udaktari Stanford mwaka 1982, baadaye akafundisha Princeton miaka mingi. Jamaa kahangaika na swali moja: muziki usio na maneno unasemaje, na msikilizaji anaelewaje? Kitabu chake cha 1991 kinaonyesha kuwa watunzi wa enzi za Mozart walitumia alama ambazo wasikilizaji wao walizijua, kama pembe za wawindaji na mwendo wa askari. Mbona hata sisi! Ukisikia tarumbeta Jumamosi jioni, unajua ni harusi kabla hujaona gari.

Kwenye kitabu cha 2009 akafika mpaka kwa Stravinsky, kwenye utunzi wa 1920 wa vyombo vya kupuliza, wa kumkumbuka Debussy aliyefariki 1918. Mara ya kwanza kuusikiliza niliona vurugu tupu. Vipande vinakatwa, vinarudi, vinakatwa tena. Mara ya tatu ndio nikaisikia ile sehemu ya mwisho, taratibu kama wimbo wa kanisani. Hakuna neno hata moja, lakini msiba upo.

Ninachompendea zaidi, hakuishia kwa Wazungu. Mwaka 1995 aliandika kuhusu midundo ya Waewe wa kwao, na 2003 akawakosoa wasomi wanaoufanya muziki wa Afrika uonekane kiroja. Anataka nao uchambuliwe kwa umakini uleule.

Sasa maoni yangu. Shairi tunalichambua fani na maudhui, ila muziki tunawaachia watoto wapige makofi tu. Mwalimu anayefundisha kuimba bila kuuliza "umesikia nini hapo?" kafundisha nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo ninayoisomea.

Jumapili nitampigia mzee tena. Nitaanza na ile tarumbeta, nione kama atakata simu. Au nyie mnaonaje?