Acheni Kukata Mruka Mkidhani Mnaisaidia Kahawa

Leo siongelei mbolea. Leo nataka tugombane kidogo kuhusu jua.

Kuna neno limeenea vihambani: "Kahawa inataka jua, punguza miti." Wiki inayofuata mpasua mbao yupo shambani na mashine yake, mruka uliopandwa na babu umelala chini, mringaringa unasubiri zamu. Mwenye kihamba anasema ameifungulia kahawa mwanga. Mimi nasema amemfungulia mlango ruhuka.

Ruhuka ni yule mbawakawa mweusi, mdogo kama kichwa cha kiberiti au chini ya hapo, anayetoboa tunda kwenye kitovu na kutaga mayai ndani ya buni. Ana undugu na mbawakawa wa magome wanaoua misprusi, miti inayofanana na misonobari, katika milima ya Ulaya. Huko nako, sehemu ya msitu ikikatwa, miti ya ukingoni ambayo shina lake linapigwa na jua ghafla ndiyo mara nyingi hushambuliwa kwanza. Ndugu hawa wote wanapenda joto. Kwenye nyuzi joto chini ya 15 hivi ruhuka hakui. Kati ya 27 na 30 anakua upesi kabisa, na akikua upesi unapata vizazi vingi zaidi kabla hujamaliza kuvuna.

Zamani wakulima wa juu walilindwa na baridi. Mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba kwenye miteremko ya Kilimanjaro ruhuka amepanda mita 300 zaidi ya alikokuwa miaka kumi nyuma. Joto la dunia hatulizuii kwa jembe, lakini kivuli kipo mikononi mwako. Kule Kiambu, Kenya, watafiti walilinganisha kahawa ya juani na ya kivulini, wakakuta ya juani ndiyo iliyoshambuliwa zaidi.

Najua utaniuliza, mbona mashamba makubwa ya chini hayana miti na wanavuna? Wana maji ya kumwagilia, mbolea kwa wakati na vibarua wa kupulizia. Wewe una nusu eka, migomba na bomba la kuazima. Tena ruhuka akishaingia ndani ya tunda, dawa haimfikii. Umemwaga hela.

Sisemi ugeuze kihamba kuwa msitu. Kivuli kizito kinashika unyevu, na kutu ya majani inashangilia. Simama chini ya mti saa sita mchana: ukiona madoa ya jua yametawanyika chini, hapo ni pazuri. Ukiona giza, pogolea matawi. Pogolea, usikate shina!

Halafu vuna matunda yote yaliyoiva, usiache yaliyokauka mtini, na okota yaliyoanguka. Humo ndimo ruhuka anamosubiri msimu ujao. Yachemshe au yafukie kwa kina kirefu. Kuyatupa kwenye mbolea ya samadi (tabia hii naiona sana) ni kumfugia mdudu.

Na kama mringaringa wako umezidi kweli, niite tuuangalie pamoja kabla hujapokea kishika uchumba cha mpasua mbao.