KANJO NAYE AULIZWE

Huku Nyayo Highrise, mvua ikinyesha na mtaro ukiziba, utasikia, "Hao kanjo ni wavivu tu!" Mimi nakataa.

Mwaka 2004 serikali yetu ilianza mikataba ya utendakazi, wakubwa wakatia sahihi kuahidi kazi bora. Mwaka 2013 Halmashauri ya Jiji ikaondoka, ikaja Kaunti ya Jiji la Nairobi. Jina lilibadilika, lakini mshika ufagio ni yule yule. Nacho kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 chataka watumishi wa umma wafanye kazi vyema bila kufuja mali.

Lakini jamani, sahihi haizibui mtaro! Mwenye koleo ndiye ajuaye mtaro unazibia wapi na kifaa gani kimevunjika. Je, nani humwuliza? Akiulizwa kila wiki, na neno lake likafuatwa, kazi ya kesho itaishinda ya leo. Haba na haba hujaza kibaba.

Nasi tuache kutupa taka mtaroni usiku, halafu asubuhi twamtukana anayezizoa!