Korongo Tulilolichimba Wenyewe

Nililipa shilingi 3,500 kwenda kuona "Grand Canyon ya Ukambani". Hivyo ndivyo bango lilivyosema kwenye kundi la WhatsApp: picha ya droni, kuta nyekundu, msichana mwenye kofia amesimama ukingoni, mikono juu. Tulitoka Nairobi saa kumi alfajiri, muziki ukilia kwenye matatu mpaka Wote. Baadaye tukashushwa kwenye njia ya vumbi, tukaambiwa ni kilomita kumi na nne: kupanda kilima, kisha kuteremka upande wa pili.

Sikudanganyi, kulikuwa kugumu. Jua la Makueni halina adabu. Mawe yanateleza, na miiba ya migunga inakushika shati kama mtu anayekudai. Wenzetu wawili waligeuka njiani. Saa saba mchana tukafika, kila mtu akatoa simu, halafu kimya. Halafu mtu akauliza, "Kwani ndio hii?"

Ndiyo hiyo. Mto mkavu, kuta za udongo labda mara tatu ya kimo cha mtu, mwamba mtupu chini. Jioni hiyo kundi lilijaa malalamiko: mmetuangusha, hii si ile ya bango, rudisheni pesa. Mwandalizi akajibu kwa emoji za kucheka na punguzo la safari ijayo.

Mimi nina malalamiko tofauti.

Kwanza, hilo jina. Grand Canyon ya Arizona ina urefu wa kilomita 446, na Mto Colorado umeichonga kwa mamilioni ya miaka. Nani alisema Ukambani lazima ifanane na Marekani ndipo mtu apande gari? Ukitaka maajabu ya mawe, Uwanda wa Yatta uko pale pale, lava iliyoganda kwa karibu kilomita 300, kati ya mikondo mirefu zaidi ya lava duniani. Jiwe la Nzambani liko karibu na mji wa Kitui, na kila mtoto wa huko ameambiwa kwamba ukilizunguka mara saba unabadilika jinsia. Mimi nikiwa darasa la tano nilizunguka mara sita, nikaogopa. Lakini hayo ati hayauziki, kwa sababu hatujayaona kwenye filamu.

Tabia hii ni ya zamani. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara wa misafara, alikuwa ameshamsimulia habari za mlima huo. Huko Ulaya wakabisha: theluji kwenye ikweta? Mpaka leo tunakumbuka ule ubishi wa theluji. Kitui yenyewe ikabaki mahali pa kusimama ili uone kwingine. Sisi na simu zetu tunafanya yale yale.

Pili, na hili ndilo linaloniuma: hakuna aliyetuambia korongo lile limetoka wapi. Halikuchongwa na mamilioni ya miaka. Lina umri mdogo kuliko wangu.

Najuaje? Nilipakia. Mwaka wa pili chuoni karo iliniisha, nikarudi nyumbani Kitui. Binamu yangu akanivusha Mto Athi kuingia Makueni, akanipa sepetu. Tulifanya kazi usiku, lori taa zimezimwa, mto ule ule, juu kidogo ya tulipopigia picha. Mchanga ulikwenda kujenga maghorofa ya Nairobi. Tulilipwa kwa lori, tukagawana.

Kwa asiyejua: mto wa msimu haukauki kabisa. Maji hujificha ndani ya mchanga, jua lisiyafikie, na watu huchimba wakayapata hata wakati wa kiangazi. Ukiuzoa mchanga mpaka mwamba, umeondoa tangi. Mvua ikija, maji hayana cha kuyapunguza mwendo. Yanakula kingo, kingo zinaanguka, mashamba yanafuata. Ndiyo "canyon" yenu hiyo.

Palikuwa na mama pale chini, na punda wawili, akichota kwa kikombe kwenye kiraka cha mchanga kilichobaki. Mwenzetu mmoja alimwomba asogee kidogo, anaharibu picha. Alisogea. Nikamwendea, "Mwaitu, maji yanatosha kweli?" Akasema, "Zamani ulikuwa unachimba mkono ukifika kiwiko unapata. Sasa mwanangu nafika hapa saa tisa usiku, napanga foleni." Aliyasema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mtu ataniuliza: hao vijana wa sepetu wale nini? Swali zuri, maana nilikuwa mmoja wao na nilikula. Siwalaumu wao kwanza. Pesa kubwa haikulala mtoni. Ililala kwa mwenye lori na mwenye jengo. Makueni ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Hata hivyo, sheria haiwezi kukesha kila mtoni ikiwa mnunuzi wa Nairobi haulizi kitu.

Tena dawa tunaijua. Kitui na Makueni zimejaa mabwawa ya mchanga, kuta za mawe na saruji ambazo wanavijiji wamejenga kwa mikono kukingama mito. Mchanga unajikusanya nyuma ya ukuta, maji yanarudi. Waandalizi wa safari, tupelekeni huko. Mlipeni mwenyeji atueleze. Na mkitupeleka korongoni, andikeni kwenye bango: hapa palikuwa mto. Nawe uliyenunua nyumba juzi, muulize mjenzi mchanga wake ulitoka wapi.

Wenzangu bado wanadai warudishiwe pesa. Mimi sidai. Mto ule ulishanilipa, usiku, kwa lori, miaka mitatu kabla ya kuupiga picha.