Vakanse Kwenye Pwani ya Wachimbaji



Ukisikia watu wanaenda vakanse kwenye pwani ya Italia, unawaza nini? Mchanga, maji ya buluu, watoto wanacheza, baba amelala kivulini. Si uongo. Mwezi wa nane, zaidi karibu na tarehe 15, sikukuu ambayo Waitalia wanaiita Ferragosto, familia nyingi zinaacha miji na kwenda kando ya bahari.

Lakini leo nataka tutembee kwenye sehemu moja ya pwani ile ambayo wewe, mke wa mchimbaji, mtoto wa mchimbaji, utaielewa mbio kuliko watalii wengi. Ni upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Sardegna.

Tuseme ni familia moja: baba, mama na watoto wawili. Jioni wanapanda meli kule Civitavecchia, karibu na Roma. Wanalala juu ya maji, na asubuhi wanafika Cagliari, mji mkubwa wa kisiwa. Toka pale wanashika barabara kwa gari, kama saa moja, mpaka Iglesias. Pembeni ya mji watoto wanaona vilima vya udongo mwekundu. Ni mabaki ya mgodi wa Monteponi, uliokuwa unatoa risasi na zinki. Mgodi ulifungwa, mabaki yako pale pale. Wewe unayekaa Lubumbashi, hapana haja nikueleze mlima wa namna hiyo.

Barabara inashuka sasa baharini, mpaka Masua. Usicheke: kwetu masua ni chombo cha majini, kule ni jina la kijiji. Na habari ya Masua ni habari ya vyombo kweli. Zamani wanaume walibeba mawe ya madini kwa vikapu mabegani, wakayatia ndani ya mashua ndogo za tanga. Mashua zikayapeleka mpaka bandari ya Carloforte, na pale wakayapakia tena ndani ya meli kubwa. Kazi ile ilivunja migongo ya watu, na bahari ikichafuka ilikuwa hatari.

Halafu mgodi ukawa wa kampuni ya Kibelgiji, Vieille-Montagne, na mhandisi Cesare Vecelli akapata akili ingine. Katika miaka ya 1923 na 1924 wakachonga galeri mbili ndani ya mlima, moja juu ya ingine, zenye urefu wa kama meta 600. Katikati yao wakachonga maghala 9 yaliyosimama wima ndani ya jiwe. Treni iliingia galeri ya juu ikamwaga madini ndani ya maghala. Chini, mkanda ukayapokea na kuyapeleka mpaka kwenye mkono wa chuma uliotokea katika ukuta wa mlima, juu ya meli. Vecelli akapaita mahali pale Porto Flavia, kwa jina la binti yake.

Leo familia yetu inalipa tiketi, inavaa kaske, inafuata kiongozi ndani ya galeri. Ni giza na baridi. Mwishoni kuna mlango, na mbele yake hakuna udongo tena, ni bahari paka, na jiwe kubwa la Pan di Zucchero, lenye kimo cha meta 133, limesimama ndani ya maji. Watoto wanashangaa. Halafu mmoja anauliza: "Baba, ni nani walichimba hapa?"

Swali lile linapita picha zote watakazopiga. Na jibu lake haliko tamu. Mbele kidogo kwenye pwani ile ile kuna Buggerru. Mwaka 1904 kampuni ya pale ilitaka kukata saa moja ya pumziko la mchana. Wachimbaji wakagoma. Tarehe 4 Septemba askari wakawafyatulia bunduki, watu wakafa. Mwezi ule ule kukawa mgomo wa kwanza wa Italia nzima. Na nje ya galeri, siku zile, wanawake na watoto ndio waliochagua mawe kwa mikono.

Lakini, ndugu, nisikudanganye. Usifikiri mgodi ukikufa watalii wanakuja mara moja na mifuko imejaa. Karibu na pale kuna mji wa Carbonia, uliozinduliwa mwaka 1938 juu ya makaa ya mawe. Mgodi wake wa Serbariu ulisimamisha kazi mwaka 1964. Makumbusho yake yalifunguliwa mwaka 2006. Hesabu mwenyewe: ni miaka 42. Nani anaweza kungoja vile na watoto wenye njaa? Wengi walifunga mizigo na kuhama. Mpaka leo sehemu ile iko kati ya sehemu maskini za Italia. Watalii wanakuja wakati wa joto, baridi ikianza wanarudi kwao.

Sasa sisi tufanye nini? Kwanza, watoto wajue kazi ya baba. Hapana haja ya meli wala ya Italia. Siku ya mapumziko washike mkono, muende mpaka pale ambapo munaruhusiwa kufika. Uwaonyeshe reli, mnara, kambi ya zamani. Uwaambie majina ya wazee waliofanya kazi pale, na wale ambao hawakurudi nyumbani. Pili, mtoto ajifunze kazi ingine wakati mgodi ungali unatoa mshahara. Usingoje siku utakapofungwa.

Anza leo jioni, wakati wa bukari. Uliza mtoto wako mkubwa: "Unajua baba anafanya nini akishuka chini?" Akinyamaza, umepata kazi ya Jumapili mchana.