Video ya daktari ikigoma kufunguka, si bando peke yake

Mzazi wa Ilongero ana mtoto anayeharisha. Anajiunga bando, anatafuta namna ya kuchanganya ORS. Video ya vichekesho inafunguka papo hapo. Ya daktari, kiduara kinazunguka mpaka anakata tamaa. Simu ni ile ile, mnara ni ule ule. Wengi hulaumu mtandao wa simu, na mara nyingine wana haki, lakini ipo sababu nyingine inayofaa kujulikana.

Video haikai hewani. Inatunzwa kwenye kompyuta iitwayo seva, na kampuni kubwa za video na picha hazitegemei seva moja. Huweka nakala katika miji mingi, Dar es Salaam ikiwemo. Ukibonyeza, simu huuliza kwanza ikachukue wapi. Mfumo unaojibu huangalia ombi limetoka upande gani, seva ipi iko karibu, ipi ni nzima, ipi haijaelemewa, ndipo utoe anwani. Ni kama muuguzi wa mapokezi anayekupeleka chumba chenye foleni fupi badala ya kukuacha ugonge kila mlango.

Vichekesho vinavyotazamwa na maelfu, nakala yake huenda tayari iko Dar es Salaam, takribani kilomita 700 kutoka Singida mjini. Tovuti ndogo ya hospitali au ya daktari mmoja inaweza kuwa na seva moja tu, Ulaya au Marekani. Hapo hakuna cha kuchagua; kila ombi linavuka bahari.

Na bahari si ya kuaminika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikayumba. Siku kama hiyo, kilicho na nakala ndani ya nchi ndicho chenye nafuu.

Wale wa VPN (najua mpo wengi) mna shida ya ziada. VPN ikikuonyesha kama uko Uholanzi, mfumo utakuelekeza seva ya Uholanzi, hata kama umekaa Manyoni. Ukiwa na haraka, jaribu kuizima kwanza.

Kwa hiyo video ya ORS, ya kunyonyesha au ya kumkanda mtoto anayekabwa usiisubiri siku ya tatizo. Mwulize muuguzi wa kliniki ipi ni sahihi, uipakue mtandao ukiwa mzuri, ibaki kwenye simu. Kurasa za maandishi zipige picha ya skrini.

Ila zipo hali ambazo hazitafutwi mtandaoni kabisa, hata intaneti ikiwa ya kasi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki. Huyo ni wa kituo cha afya, sasa hivi. Kiduara kisikuchukulie hata dakika tano.

Kwa ushauri, Wizara ya Afya ina namba 199. Kwa usafiri wa dharura wa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au kichanga, piga 115 ya m-mama. Wao hutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliye karibu. Zote ni simu za kawaida, bure, hazihitaji bando. Ziandike nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, maana simu nayo huzima chaji.