Chembe za Ini Zisizokoma Kuzaana
Akina mama wenzetu, saratani ya ini huweza kuletwa na virusi. Mwaka 1976 watafiti wa Afrika Kusini waliripoti kwamba walichukua chembe za uvimbe wa ini la kijana wa Msumbiji (jina lake hatulijui), wakazikuza katika maabara. Zinazaana hadi leo. Zilionekana zikitoa protini ya ganda la virusi vya homa ya ini B, na baadaye vinasaba vya virusi hivyo vikakutwa vimejipachika ndani ya vinasaba vya chembe zenyewe.

Mama mwenye virusi hivyo huweza kumwambukiza mtoto anapojifungua, na mtoto huyo mara nyingi hukaa navyo maisha yote. Tukiwa wajawazito, tuombe kupimwa kliniki, tuulizie na chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.